Barua kwa mwanangu: hicho Kizungu cha chuo

Mwanangu mpendwa, habari za huko hosteli. Sisi tuko sawa, babako bado anagombana na watu wa stima lakini tuko sawa.

Meseji yako ya usiku nimeisoma asubuhi nikifungua saiba. Ati lekchara amewaambia mfike B2, ile ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha, na kila esei yako inarudi imeandikwa hoja haionekani, na wewe KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, ulipita Kizungu vizuri. Ulipita, sikatai, lakini ile karatasi ya tatu ilikuwa insha na setibuku, ukisimulia kisa vizuri na ukikumbuka notsi za mwalimu umetoka. Chuo hakuna mtu anataka kisa.

Mimi kazi yangu ni kuchapa na kubaindi projekti za wanafunzi, so hii kitu naiona kila siku. Juzi kijana mmoja aliniletea asaimenti ya bei ya unga imeandikwa kwa mkono, aya ya kwanza anasema serikali iweke ruzuku, aya ya pili ruzuku ni hasara tupu, na katikati hakuna hata "although" moja wala "however" ya kumwambia msomaji kwamba sasa anageuka, mimi nikadhani ameruka ukurasa nikampigia simu, akaniambia zii mathe, iko hivyo tu. Sarufi yake ilikuwa safi kabisa! Sasa hiyo ndio shida yako pia, na hutaitibu kwa kumeza kamusi.

Hizo ngazi za A1 mpaka C2 zilitolewa na Baraza la Ulaya 2001, na kuna kasta aliwahi kuprinti maelezo yake hapa nikayasoma yote. B2 inataka uelewe mambo makuu kwa maandishi magumu ya fani yako, uongee bila kumchosha yule unaongea naye, alafu uandike maoni yako ukionyesha faida na hasara za kila upande. Kuhusu maneno makubwa makubwa usijisumbue. Kama ni lazima usome maneno, tafuta orodha ya Averil Coxhead, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, ya mwaka 2000, ni familia 570 (familia ni neno na maumbo yake yote) za maneno yanayojirudia kwa vitabu vya chuo, iwe ni sheria ama sayansi, na hizo pekee zinabeba kama asilimia 10 ya maneno utakayokutana nayo kwa maandishi ya aina hiyo. Mengi unayajua tayari kwa macho, hujawahi tu kuyatumia kwa mdomo.

Na hapo kwa mdomo ndio naona umejificha. Unasema darasani unanyamaza juu ukishrabu, yaani lafudhi ya nyumbani ikitoka, wanacheka. Wacha wacheke. Hao wanaocheka wengi wao pia hawajibu maswali, na hiyo B2 haikudai uongee kama mtu wa London, inadai usikike. Chukua marafiki wawili, kaeni hapo kantini, kila mtu atetee kitu ambacho hakiamini kwa dakika tano, Kizungu tupu, na mwingine kazi yake iwe ni kuuliza "kwa nini" mpaka akuchoshe. Mtaona aibu siku za kwanza, alafu njaa itawashika msahau aibu.

Lekcha ikienda mbio usiandike kila kitu. Sikiliza pale anasema sababu, pale anapinga, pale anatoa mfano, andika hizo tu. Jioni funga daftari umwelezee rumeti wako yote kwa maneno yako, pale utakwama ndio pale hukuelewa.

Hizo esei za AI ziache kabisa. Nazichapa nyingi siku hizi na zote zinafanana kama sare, na lekchara si mjinga.

Sasa hiyo esei yako ya soko la Gikomba unayopeleka wiki ijayo, kabla hujaanza kuichapa andika kwa Kiswahili sentensi moja ya unachotetea na nyingine ya mtu anayekupinga, unitumie WhatsApp. Zikigongana vizuri endelea na Kizungu, nitakuprintia bure. Pesa ya chakula nimetuma, usiimalizie kwa bando za intaneti.

Mamako