Halloween Diani, Jumamosi 31 Oktoba

Hamjambo wapendwa? Hii ni sherehe yetu ya Halloween, usiku wa kujivika kama mizimu na kuwasha mishumaa ndani ya maboga yaliyochongwa nyuso. Tunakutana kivukoni Likoni, upande wa kisiwani, saa mbili kamili asubuhi. Vinyago vya uso na mapanga ya bandia yakae mkobani mpaka tuvuke, tusije tukacheleweshwa na ukaguzi.

1. Mchango: Sh 1,500, watoto Sh 700. Tuma kwa M-Pesa ya mweka hazina kufikia Jumatano usiku. Matatu na kuku vinaagizwa kwa hesabu hiyo.

2. Kila nyumba ilete boga moja. Likomboe ndani na ulichonge uso Ijumaa jioni, si mapema, kwani kwa joto letu huoza upesi. Toboa tundu juu, moshi wa mshumaa utakaowaka ndani upate kutoka. Bila hewa mshumaa huzimika. Watoto waliojifunika mashuka marefu kama mizimu wasiyakaribie maboga yanapowaka.

Mifuko ya plastiki hapana, leteni vikapu.

Tafadhali jibu "Nipo" na idadi ya watu wako leo. Karibuni sana!