Gari la kaka lisiozee uani

Silver Spring, Maryland

Mwenzangu Mwanaisha,

Asalaam alaikum. Huku sote wazima, alhamdulillah, baridi tu ndiyo inaanza kuingia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikaona nisikujibu juu juu nikiwa zamu. Leo niko nyumbani, ndiyo nimekaa nikuandikie.

Wasema lile Corolla la marehemu kaka yako liko uani tangu msiba, betri imekufa, tairi zimelala, na majirani wameanza kunung'unika. Nawe wataka kulipakia meli liende Mombasa likaitumikie madrasa ya Likoni. Nia hiyo naielewa kabisa. Lakini Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na hilo ni la 2009. Tena usukani wake uko kushoto. Litakwama Kilindini, gharama za bandari zipande kila siku, na madrasa isipate hata spana. Ungeweza kuliuza ukatuma fedha, ila umeniambia huwezi kusimama hapo uani ukibishania bei ya gari la kaka yako na mtu usiyemjua. Basi litoe sadaka huko huko Houston. Lakini chagua vizuri wa kumpa, maana hapo ndipo mimi niliumia.

Sisi tumeshatoa magari mawili. La kwanza tulisikia tangazo redioni, tukapiga simu, na baada ya siku tatu likaja gari la kuvuta likalichukua. Nilisimama dirishani nikaliangalia mpaka likakata kona. Moyoni nilikuwa nimeshampa mama mmoja hivi, mwenye watoto, anayelala akiwaza atafikaje kazini. Baadaye ikaja barua: limeuzwa mnadani kwa dola 310. Na katika hizo 310, kampuni iliyosimamia kulivuta na kulinadi nayo ilikata chake. Hakuna sheria iliyovunjwa, na penye uhitaji hata dola 100 ni msaada. Lakini lile gari lilikuwa linatembea, Mwanaisha! Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa, nikifanya usafi hotelini usiku. Zamu ilikwisha basi la mwisho limeshapita, nami nikakaa ukumbini kungoja alfajiri, mtoto yuko kwa jirani. Gari bovu la mtu yeyote lingenitoa katika hali ile.

La pili, lile la Baba Idrisa, tuliwapa Vehicles for Change, walio huku huku Maryland. Hao tangu 1999 wanapokea magari, wanayatengeneza, kisha wanayafikisha kwa familia zenye kipato kidogo. Gereji yao pia inawafundisha ufundi watu waliotoka jela. Lisilotengenezeka wanaliuza, na fedha inaendesha kazi hiyo. Tafuta wa namna hiyo karibu nawe. Ukipiga simu waulize wazi: gari langu mtampa mtu, au mtalipeleka mnadani? Kama ni mnadani, nani anakata kiasi gani kabla fedha haijawafikia? Wakibabaika, kata simu. Na kabla ya kukubali lolote, andika jina lao kwenye ukurasa wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa kutafuta mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi, uone kama wamo.

Kuhusu kodi, shemeji yako asikutie tamaa kwamba utarudishiwa maelfu. Anayechukua lile punguzo la kawaida la IRS, yaani kile kiasi kilichokwishapangwa, kama tulivyo wengi wetu, hapati kitu kwa kutoa gari. Anayeorodhesha makato yake moja moja ndiye anayefaidika, na hata yeye sheria ilimbana kuanzia 2005: likiuzwa kwa zaidi ya dola 500, anadai makato ya kiasi cha bei liliyouzwa tu, ile iliyoandikwa kwenye fomu 1098-C watakayomtumia. Likiuzwa chini ya hapo, anadai thamani ya gari lakini isizidi 500. Lakini shirika likimpa mtu mwenye shida, au likimuuzia kwa bei ya chini sana kwa ajili ya kumsaidia, hapo anaruhusiwa kudai thamani yake ya sokoni. Nilifurahi nilipolijua hilo.

Sasa jambo zito. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, kwa hiyo wewe huna cha kutoa kwa sasa. Kaa na wifi na watoto kwanza, waridhie kwa moyo, maana mali hiyo ni ya warithi na sadaka bila ridhaa yao haina baraka. Kama mirathi haikupita mahakamani, Texas ina fomu ya kiapo cha warithi wa gari, VTR-262. Warithi wanaitia saini mbele ya notari. Angalieni pia kama kulikuwa na deni la benki juu ya gari.

Siku ya kulivuta, ng'oeni namba, bandueni kile kibandiko cha EZ TAG cha kulipia barabara kiooni, na msikubali kutia saini kadi huku nafasi ya jina la anayepokea ikiwa wazi. Halafu ndani ya siku 30 pelekeni taarifa TxDMV, idara ya magari ya Texas, kwamba gari limehama mkono, ili faini za mtu mwingine zisimfuate wifi. Bima isitishwe baada ya hapo, si kabla.

Na pekueni vizuri kabla halijaondoka, chini ya viti na kwenye kile kisanduku cha mbele. Sisi katika gari la kwanza tulisahau kaseti ya mawaidha yenye mwandiko wa baba mkwe, na haikurudi tena. Ukikuta tasbihi ya kaka au hata risiti zake za mafuta, mpe wifi mkononi.

Nipigie Jumapili baada ya adhuhuri, nitakuwa nyumbani. Uwe na wifi karibu, nataka kumsikia mwenyewe anasemaje.

Wako,
Zuhura