Kabla hujameza vidonge vya kuongeza damu: barua kwa wanariadha waliovuka hamsini

Wadogo zangu,

Wiki iliyopita, tukijinyoosha baada ya mbio, nilimwona mmoja wenu akigawa vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, kama peremende. Watatu walimeza papo hapo. Hakuna aliyekuwa amepima. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumwaibisha mtu mbele ya wenzake, lakini nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimewakosea.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 63, mlima niliouzoea ulianza kunishinda. Miguu mizito, moyo unadunda kwa kasi tangu kilomita ya kwanza, nyumbani nikipanda ngazi nashika ukuta. Nikajiambia ni uzee. Kisha nikanunua vidonge, nikameza miezi minne. Nikapata nafuu kidogo, nikaacha, nikarudi palepale. Nilipokubali kupimwa, wingi wa damu (himoglobini) ulikuwa 9.8 na feritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 7, zote chini ya kawaida. Daktari hakuanza na chakula. Aliniuliza, "Magoti unayatuliza kwa dawa gani?" Diklofenaki, kila mbio ndefu, kwa miaka. Kamera iliposhushwa tumboni kikaonekana kidonda kinachovuja damu taratibu. Vile vidonge vyangu vilikuwa maji kwenye pakacha. Tena vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, kwa hiyo hata dalili ya damu kutoka tumboni, ambayo nayo ni choo cheusi, nisingeitambua.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Mwanamke kijana akipungukiwa chuma, mara nyingi hedhi ndiyo sababu. Mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, hana upenyo huo. Jasho na kishindo cha nyayo huondoa chuma kweli, ila si kwa kiasi cha kufunga mjadala. Chuma kikishuka katika umri wetu, lazima iulizwe damu inapotelea wapi: vidonda vya tumbo, uvimbe wa utumbo mpana, hata saratani. Mtu akikwambia "ni mazoezi tu" kabla tumbo halijachunguzwa, usiondoke na jibu hilo.

Upande wa pili unatisha vilevile. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hupoteza kama miligramu 1 kwa siku, basi. Kinachotulinda ni utumbo kupunguza kinachoingia, kwa amri ya hepsidini, homoni inayotoka kwenye ini. Wapo waliozaliwa na ulinzi huo ukiwa dhaifu. Ugonjwa wao huitwa hemokromatosisi, nao huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Chuma hujikusanya kwenye ini, moyo, kongosho na viungo kwa miaka mingi, na kwa akina mama mara nyingi hujitokeza baada ya hedhi kukoma. Na dalili yake ya mwanzo ni ipi? Uchovu. Uchovu uleule wa aliyepungukiwa! Ndiyo maana kubahatisha hakufai kabisa.

Basi pimeni wingi wa damu, feritini, na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni akiba iliyokwisha, na madaktari wengi huanza kushughulika ikiwa chini ya 30. Ikipita 200, au asilimia ile ikipita 45, uliza kwa nini. Msipime siku mbili tatu baada ya mashindano wala mkiwa na mafua, kwani feritini hupanda mwili unapopambana na majeraha ya mashindano au maradhi, ikaficha upungufu uliopo.

Ukiandikiwa vidonge, muulize daktari kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja, maana kila dozi hupandisha hepsidini, na hepsidini ikipanda chuma hakipiti vizuri. Mazoezi makali nayo huipandisha saa tatu hadi sita baadaye, kwa hiyo meza asubuhi, kabla ya mazoezi au mara tu unapomaliza. Chai na kahawa zisubiri. Anayetumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo amwambie daktari, kwa sababu nazo huzuia chuma kuingia. Na msitegemee miujiza ya wiki moja: seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na akiba huchukua miezi kujaa. Mimi mlima ule niliupanda tena bila kusimama katika mwezi wa tano wa matibabu.

Wale watatu mnajijua, nami sitamtaja mtu. Acheni vidonge hivyo, mkapime wiki hii, na mwambieni daktari kila dawa ya maumivu mnayomeza, hata ile ya mara mojamoja. Jumamosi nitawahi kufika. Anayetaka tuisome karatasi yake pamoja anikute kabla wengine hawajaja.

Kaka yenu mkubwa.