Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mavi ya chuma si kifusi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Nakuandikia kuhusu mavi ya chuma, taka iliyobaki wahunzi walipoyeyusha mawe kupata chuma, yale mawe meusi mazito ambayo greda likiyakuta njiani huyasukuma pembeni bila mtu kuuliza. Yapo Buhaya, yapo Ufipa, yapo Upare. Wahunzi wa kale hawakutuachia maandishi, walituachia hayo.

Katika ghuba ya Kemondo, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walifukua matanuru ya kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Chuma chenyewe kilishakwenda kutumika, kisha kikaliwa na kutu. Yalibaki mavi, pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia hewa. Nje ya mirija hiyo udongo umeyeyuka ukawa kioo, dalili kwamba haikuishia ukutani mwa tanuru bali iliingizwa ndani kabisa ya moto. Mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya, wakachoma matete shimoni, wakavukuta. Watafiti wa Kimarekani Peter Schmidt na Donald Avery walipima, na mwaka 1978 wakatangaza kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba hewa ilipata moto mrijani kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilikataa dai hilo la hewa, na mabishano yakachukua miaka mingi. Mimi ningependa sana wazee wetu washinde, lakini mapenzi yangu si ushahidi. Ushahidi ni urefu wa sehemu ya mrija iliyoyeyuka, na madini yaliyoganda ndani ya mavi. Tukivimwaga vipande hivyo barabarani, tutabishana kwa maneno matupu.

Ufipa nako kuna malungu, matanuru marefu kumzidi mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Donge lililotoka humo lilikuwa bado chafu, likasafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe. Mwanaakiolojia Profesa Bertram Mapunda ameonyesha kuwa eneo hilo lilikuwa na teknolojia zaidi ya moja, na alizitofautisha kwa mabaki haya haya. Malungu yaliyosimama hadi leo yanapigwa na mvua.

Kuna pia majembe, mikuki na shoka zilizomo kwenye makabati ya makumbusho. Kukipima chuma kwa juu tu hakutoshi, kwa sababu kipimo kinasoma kutu tu. Inabidi kukata kipande kidogo kama punje ya mchele, kukisugua hadi king'ae, kukipaka asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi, kisha kukitazama kwa hadubini. Hapo utaona wapi chuma ni laini na wapi kimeshiba kaboni, mhunzi aliunga wapi vipande viwili, na kama alikichovya majini kikiwa chekundu. Chembe za mavi zilizonaswa ndani zimenyooka kufuata nyundo yake. Kaboni yenyewe, ikiwa ilitokana na makaa ya miti, inaweza kutupatia umri wa kifaa. Sijui somo bora zaidi la kemia kwa mtoto wa Kitanzania.

Lakini chumvi iliyoingia ndani ya chuma cha pwani huendelea kukila hata kikiwa kabatini.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, kila tathmini ya mradi wa barabara au shamba kubwa katika maeneo haya itaje marundo ya mavi kwa jina, na mwanaakiolojia ayaone kabla ya greda. Naomba Makumbusho ya Taifa yapewe vyumba vikavu vya kuhifadhia chuma, na utaratibu wa kukata sampuli ulio wazi, wenye picha na kumbukumbu za kila kipande kabla hakijaguswa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na uhandisi. Wizara iwakutanishe wataalamu hao, ili sampuli zianze kusomwa hapa nyumbani. Na majibu yakipatikana, yapelekwe Katuruka (eneo jingine la wahunzi wa kale huko Buhaya), Kemondo na Ufipa kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya wenyeji na wanafunzi wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kemia