Kwa nini hatuweki cha juu

Anayetafuta kiwanja Chanika au Kigamboni, Dar es Salaam, huonywa na dalali mapema, kabla hata hajashuka kwenye bajaji: "Kaka, tukifika usimuulize mwenye kiwanja bei, utaharibu." Wengi hutii, wakidhani ndiyo adabu ya biashara. Ukweli ni kwamba bei ziko mbili.

Tuseme mwenye mali anataka milioni 18. Dalali anamtajia mnunuzi milioni 25. Hiyo saba ya katikati ndiyo cha juu, na mara nyingi wanagawana madalali watatu wanne waliounganishana kwa simu, huku mwenye mali naye akidaiwa udalali wake kwenye ile 18. Wapo wenzetu wanaoitetea: muuzaji kapata alichotaka, mnunuzi karidhika, nani kaumia? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama siri ingeishia kwenye pesa. Ili cha juu kisivuje, muuzaji na mnunuzi lazima watenganishwe, na wakishatenganishwa, maswali ya maana yanakosa wa kuyajibu. Kiwanja alikipataje? Kama ni cha urithi, nani aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi wengine wanajua kwamba kinauzwa? Kama ni nyumba, mke anasemaje? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Dalali anayelinda milioni saba zake hana haraka ya kwenda kumtafuta mama mwenye nyumba.

Ofisi yetu ya udalali inatoza asilimia 5 ya bei, analipa muuzaji, na kiwango hicho kinaandikwa kwenye karatasi ambayo mnunuzi naye anaisoma. Siku ya kupatana bei, wote wawili wanakaa meza moja. Sisi tunanyamaza zaidi kuliko tunavyoongea, jambo ambalo kwa dalali si rahisi.

Kiwanja chenye hati tunakiombea upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya mteja kutoa hata shilingi ya kishika nafasi. Upekuzi unaonyesha jina la mmiliki, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Ada yake analipa mnunuzi moja kwa moja serikalini, na risiti inatoka kwa jina lake. Kiwanja kisichopimwa kina kazi kubwa zaidi: tunapita kwa majirani wa pande zote nne, tunakwenda serikali ya mtaa, tunauliza kama eneo halimo kwenye mpango wa barabara au hifadhi. Na tunamweleza mteja wazi kwamba muhuri wa mwenyekiti unaonyesha mauziano yalifanyika mbele yake. Si hati.

Lakini kuna ombi linalotoka kwa wateja wenyewe, na hapo hatuwezi kumsingizia dalali yeyote: tuandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Nyumba inauzwa milioni 60, mkataba uandikwe 35. Tunakataa. Kwanza ni udanganyifu, na kwa mali yenye hati uthamini hufanywa wakati wa kuhamisha umiliki, kwa hiyo hiyo 35 inaweza isimfikishe mtu popote. Pili, anayefaidika zaidi ni muuzaji, maana kodi ya faida ya kuuza mali, asilimia 10 ya faida hiyo kwa mkazi wa Tanzania, ni yake. Mnunuzi anabaki na karatasi inayosema alilipa 35. Mauziano yakivunjika wakafikishana mahakamani, ile 25 nyingine ataithibitisha vipi? Na baadaye akiiuza nyumba kwa milioni 80, faida yake kwa maandishi ni 45 badala ya 20, hivyo anaweza kudaiwa milioni 4.5 mahali alipopaswa kulipa 2. Kodi aliyomsaidia mwenzake kuikwepa imemrudia yeye.

Wauzaji wengine wakisikia hayo hubeba hati yao na kwenda ofisi ya jirani. Mnunuzi aliyekuwa ameletwa na sisi tunampigia siku hiyo hiyo kumweleza sababu, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kiwanja kile kile kitamfikia tena kupitia mtu mwingine, kwa bei nyingine.