Fundi wa sweta aanze na kipande cha majaribio

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na mafundi wenzangu tunaofuma masweta ya shule, hasa wa maeneo ya baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, ambako sweta ni vazi la lazima na wala si pambo. Wengi wetu tukishapokea uzi na kupima kifua cha mtoto huanza pindo papo hapo, kwa hoja kwamba kufuma kwanza kipande cha majaribio, yaani kipande kidogo cha kuhesabia vitanzi kabla ya sweta lenyewe, ni kupoteza uzi na muda. Hoja hiyo siikubali.

Tuchukue sweta la mzunguko wa sentimita 90, lililokadiriwa kwa vitanzi 20 katika kila sentimita 10. Fundi ataanza na vitanzi 180. Ikiwa mkono wake ni wa kukaza, akawa anapata vitanzi 22 katika sentimita hizo hizo 10, sweta litatoka na mzunguko wa sentimita 82 hivi. Vitanzi viwili, ambavyo kwa macho tu si rahisi kuvigundua kazi ikiwa sindanoni, vimekula sentimita 8, yaani nafasi yote ambayo mtoto angeipata ya kuvalia shati ndani. Pengine ingetosha kuacha sindano za milimita 4 na kushika za milimita 4.5, lakini hilo hufaa kabla ya kuanza. Ukishafika kwapani, kilichobaki ni kufumua.

Kipande cha sentimita 15 kwa 15 kinatosha, mradi kifumwe kwa mtindo ule ule wa sweta na kipimwe katikati, kwa kuwa pembeni hujikunja na kudanganya. Nusu kitanzi nayo ihesabiwe. Wapo wanaofika hapa wakaona wamemaliza, kumbe kipande hicho bado hakijafuliwa. Kifuliwe kama sweta litakavyofuliwa nyumbani, kianikwe kikiwa kimelazwa, ndipo kipimwe tena. Sufu halisi ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikamana na kusinyaa. Akriliki haina tabia hiyo, lakini ikipigwa pasi ya moto hulegea moja kwa moja. Hapo ndipo utakapojua pia kama uzi wa damu ya mzee unachuja rangi, kabla haujaipaka mistari myeupe ya shingoni.

Wenye mashine wakumbuke kwamba kitambaa hutoka kikiwa kimevutwa na vizito, hivyo kiachwe kitulie kwanza. Na vikundi vinavyogawana kazi, huyu akifuma mbele na yule nyuma, kila mmoja afume kipande chake cha majaribio, kwa sababu uzi na sindano zinaweza kuwa zile zile na mikono ikatofautiana. Nimeona masweta ambayo upande wa nyuma ulizidi wa mbele kwa vidole viwili, na fundi wa kuunganisha akalaumiwa bure.

Nawaomba pia walimu wakuu wasisubiri Desemba ndipo watoe oda za Januari. Fundi akipewa kazi mapema, shule imtake alete kipande kilichofuliwa pamoja na bei yake, na kipande hicho kibaki ofisini hadi masweta yote yatakapopokelewa na kulinganishwa nacho.

Fundi wa sweta,
Njombe