Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mwalimu mwanafunzi amjue pia mtoto asiyefika darasani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Iringa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alasiri zangu sasa ninazitumia katika kituo cha shirika dogo lisilo la kiserikali, tunakofundisha watoto walioacha shule na wengine ambao hawakuwahi kuandikishwa. Nina ombi moja na nalitanguliza: mwanafunzi wa ualimu afanye sehemu ya mafunzo yake kwa vitendo katika mashirika ya kijamii yaliyo jirani na chuo chake, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye matokeo yake kama inavyohesabiwa ile ya shuleni.

Nyanda hizi zimejaa walimu wa kesho. Hapa mjini kuna Mkwawa, ambayo tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha ualimu cha Kleruu kipo. Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Kikatoliki cha Ruaha navyo vinaandaa walimu. Ukienda Mbeya utakuta Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, na ukishuka Rungwe utakuta vyuo vya ualimu vya Mpuguso na Tukuyu. Kila mwaka, majira yao yakifika, vijana hawa wanatawanyika mashuleni, mashati yamenyooshwa, andalio la somo na azimio la kazi mkononi. Wanafundisha kwa wiki kadhaa, msimamizi anakuja kutoka chuoni na fomu yake, anakaa nyuma ya darasa, anajaza, kisha wote wanarudi chuoni. Sina ugomvi na utaratibu huo. Nimewapokea vijana wa fildi miaka mingi nikiwa kazini, na najua ni darasani ndiko mtu anakojifunza kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Ila darasa lina upungufu mkubwa kwa anayejifunza ualimu: linamwonyesha watoto waliofika tu.

Asiyefika, kwa mwalimu mwanafunzi, ni neno "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, na somo linaendelea. Yuko wapi? Huku kwetu majibu yanajulikana. Mvua zikikolea, wapo wavulana wanaoamkia kwenye mianzi kugema ulanzi. Mpunga ukianza kuzaa Pawaga, watoto wanaamia ndege kutwa nzima. Mufindi kuna vibarua vya mbao na chai, Ilula kuna nyanya za kuchuma na kupanga kwenye matenga. Na wasichana, Mheshimiwa, wasichana wa mkoa huu wamelea watoto wa Dar es Salaam nzima tangu mimi sijaanza kazi, wengi wao wakiondoka nyumbani kabla hata ya kumaliza la saba. Ongeza nyumba ambazo bibi ndiye baba na ndiye mama, maana Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini. Hakuna mhadhara wa saikolojia ya elimu utakaomfundisha kijana haya kama alasiri moja ndani ya nyumba hizo.

Nikueleze kwa mfano, kwa sababu ndiyo ulionifanya niandike. Kituoni kwetu alikuja binti wa mwaka wa pili, somo lake la kufundishia ni hisabati. Hakutumwa na chuo; alisikia habari zetu kanisani akaomba kusaidia. Tukampa kundi ambalo halina la kwanza wala la nne, wote wamechanganyika. Humo alikuwamo kijana wa miaka kumi na minne anayeuza mayai ya kuchemsha stendi ya Igumbilo. Ukinunua mayai ya elfu moja na mia nane ukampa noti ya elfu tano, anakurudishia elfu tatu na mia mbili kabla hujafunga pochi. Ukimwandikia 5,000 kutoa 1,800 kwenye daftari, anaganda. Binti yule hakukimbilia kumfundisha kukopa kwenye elfu. Alimwomba ahesabu chenji kwa sauti. Kijana akasema: elfu moja na mia nane, mia mbili inakuwa elfu mbili, elfu tatu inakuwa elfu tano. Kumbe alikuwa anapanda kutoka bei hadi noti, hatoi kabisa. Basi binti akachora mstari sakafuni kwa chaki, akaweka bei upande huu na noti upande ule, kijana akaurukia kwa miguu yake mwenyewe. Hesabu ileile ikaandikwa kwenye daftari jioni hiyohiyo. Alipoenda kwenye mazoezi yake ya shuleni, mstari ule aliutumia kwa darasa zima la watoto ambao hawajawahi kuuza yai.

Nimefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka mingi na nakuambia kwa dhati: ualimu mzuri ni huo. Aliupata kwa kukaa na mtoto ambaye mfumo ulikuwa umeshamwandika kuwa ameshindwa.

Yupo pia msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulimfungulia mlango, na tunaushukuru. Lakini mlango ulipofunguka bado alikuwa na maswali matatu: mtoto atabaki na nani, unga utatoka wapi, na nani atamfundisha yale aliyoyakosa kwa mwaka mzima. Binti wa chuo alikuwa akimbeba mtoto mgongoni huku akimwelekeza mama yake milinganyo ya kidato cha pili. Mwalimu aliyepitia hapo hatamuuliza msichana mbele ya darasa kwa nini amechelewa.

Muhula ulipoisha, binti huyu aliomba chuoni kwake kazi ile itambuliwe. Aliambiwa fomu ya tathmini haina nafasi ya jambo kama hilo, na kwamba akihitaji barua ya shukrani tumwandikie sisi. Tulimwandikia. Simlaumu aliyemjibu, naye anafuata fomu. Ndiyo maana barua hii haikwenda chuoni kwake, imekuja kwako.

Kuna jambo la fedha ambalo lisipotajwa, ombi langu litabaki maneno matamu. Wanafunzi wengi wa ualimu huku wanaishi kwa mkopo. Bumu likiisha, kijana anatembea kwa miguu na anakula mara moja. Fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo inamfuata pale mafunzo hayo yanapokuwa kwenye ratiba rasmi ya chuo; kazi ya kujitolea alasiri haina fungu. Matokeo yake, anayeweza kujitolea ni yule ambaye nyumbani kwao kuna kitu. Mtoto wa mkulima wa Isimani au Makete, ambaye pengine ndiye angemwelewa haraka kijana wa mayai, anashindwa nauli ya bajaji. Huduma kwa jamii ikiingia kwenye ratiba, ataipata kwa haki kama mwenzake.

Wazee wenzangu hawataliona hili kuwa geni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata ngumbaru ilifundishwa chini ya miti na kwenye maghala ya ushirika, na wanafunzi walikuwa miongoni mwa walioshika chaki. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi: kijana afanye kazi kwanza, apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi, ndipo aingie chuo kikuu. Si kila cha zama zile nakitamani. UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilijaza madarasa kuliko ilivyoweza kuandaa walimu, na waliokuwapo wanajua gharama yake. Lakini lile la kumtaka msomi akae na watu kabla ya kuwasimamia lilikuwa sahihi, na lingali sahihi.

Serikali yenyewe imeshaanzisha njia kwa watoto hawa. Ipo MEMKWA kwa walioikosa elimu ya msingi, ipo IPOSA kwa vijana walio nje ya mfumo, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka kumi. Aliyeachia la nne akaenda kwenye mbao bado anadaiwa na nchi miaka sita. Nani ataketi naye? Walimu walioko kazini wameelemewa, nimekuwa mmoja wao. Vijana wa vyuo wapo umbali wa kutembea.

Naomba usilichukulie hili kuwa la kusoma na hesabu tu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Iringa takriban watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolima mahindi, maharage na viazi. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza sasa. Kuna vikundi vya akina mama vinavyopika uji wa lishe na kupima watoto vijijini. Mwalimu mwanafunzi akishinda nao siku chache, atajua kwa nini mtoto anasinzia saa nne asubuhi, na atakuwa na la kumwambia mzazi zaidi ya kumwita shuleni kumgombeza.

Sasa hofu, kwa kuwa ninazo na wewe utakuwa nazo. Kubwa kuliko zote ni usalama wa watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na asiwekwe kijana yeyote mahali ambapo afisa ustawi wa jamii hajapatembelea. Shirika liwe limesajiliwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri athibitishe kuwa kazi yake inaonekana kwa macho, maana yapo mashirika yanayoishi kwenye bango la barabarani tu. Pia wapo watakaomwona mwanafunzi kama kibarua wa bure: wamkalishe ofisini aandike ripoti za wafadhili, abebe mabango siku ya maadhimisho, apige picha. Mkataba kati ya chuo na shirika useme wazi kwamba saa zake ni za kukaa na watoto au wazazi wao, na msimamizi wa chuo aje kumwona akiwa kazini, vilevile anavyokwenda shuleni.

Kuhusu muda, wenzangu kadhaa wanapendekeza wiki mbili mfululizo. Mimi napinga. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wengi akimzoea mtu, kisha mtu huyo akatoweka baada ya siku kumi, tumemwongezea jeraha. Afadhali alasiri moja kila wiki, muhula mzima, kijana yuleyule na kundi lilelile. Hivyo hata shule haziporwi walimu wao wa mazoezi, ambao najua zinawategemea.

Uwezo wa kuanza unao. Vyuo vya ualimu vya Serikali, kama Kleruu, Mpuguso na Tukuyu, viko chini ya wizara yako moja kwa moja. Huko maelekezo yako yanatosha. Vyuo vikuu vina seneti zao na Tume ya Vyuo Vikuu, na kwao itabidi kuwepo mazungumzo ya mitaala, lakini wakiona Kleruu inafanya hawatakaa mbali. Shule ziko TAMISEMI, kwa hiyo Afisa Elimu Kata aelekezwe kutupatia majina ya watoto walioacha, ili mwanafunzi wa ualimu asianze kwa kutafuta watoto gizani. Kwa mwaka wa kwanza chukua Iringa na Mbeya peke yake. Tafadhali usizindue kwa sherehe. Tuma waraka, weka safu moja mpya kwenye fomu ya tathmini, na uombe Bodi ya Mikopo iitambue alasiri hiyo.

Ukituma ofisa kutoka Dodoma kuja kujionea, sisi hufungua kuanzia saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Alhamisi. Aje siku ya kawaida bila kutuarifu, akae kwenye kundi, na awaulize watoto wenyewe wanachotaka kufundishwa. Binti wa hisabati sasa yuko mwaka wa tatu na bado anakuja Jumatano, kwa miguu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Iringa